Mgongo wa Neema ni wa Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilimnyanyua mzee mmoja kutoka kitandani, nikamsimamisha vizuri kabisa, na bado nikagombezwa mbele ya wodi nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kine. Nyinyi vijana mnaoisomea leo mnalijua jina lake refu la Kifaransa; sisi tulisema kine tu, mtu anayewarudishia wengine mwendo baada ya kuvunjika, kupooza au kulala sana. Mimi nilikuwa binti wa mlimani, Masisi, niliyekua nikibeba viazi mgongoni kutoka shamba la baba, na nilidhani hospitali imeniajiri kwa sababu ya nguvu zangu. Mzee yule alikuwa mkulima aliyevunjika paja. Mfupa ulikuwa umeunga, na alikuwa ametolewa kwenye mvuto, ile kamba yenye uzito inayonyoosha mguu. Nikaambiwa nimsimamishe. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake nikamwinua kama gunia.

Chef wa Kine, yaani mkuu wetu, alikuwa mlangoni, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za mvua.

"Nani alisimama?" aliniuliza.

"Mzee, Chef."

"Hapana. Weye njo ulisimama mara mbili. Yeye iko vile alikuwa. Mukalishe tena."

Wagonjwa walicheka, mzee mwenyewe akacheka, na mimi nikatamani kurudi kwenye viazi. Kisha Chef akaleta kiti cha mbao, akapanga juu yake blanketi zilizokunjwa mpaka kiti kikawa kirefu karibu kama meza. Akamketisha mzee pale juu, akamwambia akunje mikono kifuani na asimame. Kutoka juu vile si kazi kubwa, mtu ni kama anateremka tu. Mzee alisimama. Baada ya siku chache Chef aliondoa blanketi moja, na ikawa hivyo mpaka mzee akawa anaketi kwenye mbao tupu na kusimama bila kugusa kitu. Ndipo Chef akaleta kigoda, kile cha jikoni cha mama zetu, kifupi kabisa. Mzee alipotoka kwenye kigoda mikono ikiwa kifuani, Chef akamwambia aende nyumbani.

Msuli unaofanya kazi hiyo ni ule mnene wa mbele ya paja, na mwenzake mkubwa wa matakoni. Hao wawili wakikuacha, huwezi tena kutoka kitini, kupanda mlima, wala kuchuchumaa chooni. Chef alikuwa akiwapiga wagonjwa kofi dogo mapajani na kuuliza, "Hii nyama iko inafanya kazi ao iko inalala?" Na mimi mpaka leo nikikutana na mtu barabarani, kabla ya kumwangalia uso namwangalia mapaja. Watoto wangu waliona aibu sana kwa ajili ya tabia hiyo.

Ngoja nitoke kidogo. Kuna kelele barabarani.

Ni pikipiki tu, imebeba magodoro. Magodoro yanaweza kuwa ya kuuza, yanaweza kuwa ya mtu anayekimbia vita. Nimesimama pale mpaka ikapotea kwenye kona. Mnisamehe, siku hizi situlii. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo.

Kutoka hospitalini nilipelekwa Mushaki, kwenye kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya Sake. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinipokea kwa mzaha. "Mama Kine, huku bazee banatembeaka kukupita. Utafanya kazi gani?" Na kweli wazee wa Mushaki walitembea. Walikuwa nyuma ya ng'ombe asubuhi, kwenye maharagwe mchana, na maziwa hayakukosekana nyumbani mwao. Niliwaona wanawake wenye mvi wakipanda vilima ambavyo mimi nilivipanda nikihema.

Lakini nilianza kuona jambo. Mzee aliyekuwa akipita mbele ya kituo kila siku na fimbo yake, ghafla hapiti tena. Nikiuliza naambiwa, "Ah, anapumuzika, batoto yake banamuheshimu." Nikimtembelea namkuta ameketi ukutani juani, kwenye kiti kikubwa chenye mito alicholetewa na mwanawe, chakula kinamfuata pale pale, maji ya kunawa yanamfuata pale pale. Majirani wakipita wanasifu: huyu amezaa. Kwetu ndivyo heshima inavyoonekana. Mtoto mzuri anamnyang'anya baba jembe, na mke mzuri wa mtoto anamnyang'anya mama mkwe bidoni, dumu la maji. Asiyenyang'anya anasemwa. Basi mzee anaketi, na paja linapungua ndani ya suruali bila mtu kuona, kwa sababu uso unabaki mnene na kicheko kinabaki kile kile. Mwaka ukipita naitwa. "Mama Kine, Papa hawezi tena kusimama, ni nani alimuloga?"

Sikuwajibu kwa ukali. Nilikuwa naomba kigoda na mablanketi.

Na chakula nacho! Wazee wetu wana kiburi chao. Nyama ikiiva, bibi anasema hana meno, wape watoto. Maziwa, wape watoto. Maharagwe yanamjaza tumbo upepo, wape watoto. Yeye anabaki na bugali na mchuzi. Nikawa nawaambia wakwe zao, mpondee maharagwe, mumpe na mashanza, yale maziwa yaliyoganda, na mketi mbele yake mpaka amalize. Msuli haujengwi na mchuzi.

Baadaye vita vilitusukuma, na wakubwa wa eneo la afya wakanipeleka Kitshanga, kwenye kambi za wakimbizi. Sipendi kuiandika sehemu hii, nitaipita haraka. Watu wa kambini walikuwa wakulima wa vilimani kama mimi. Walikuwa wameacha mihogo na maharagwe ardhini, na sasa walikuwa wameketi mbele ya vibanda vya turubai, kutoka jua mpaka jua. Vijana walitafuta vibarua sokoni au kwenye ng'ombe wa watu. Wazee hawakuwa na pa kwenda. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mama, usinipe dawa. Unitafutie jembe na kipande ya udongo, hata kama ni kadogo kama sahani." Daktari Msimamizi alipopita niliomba wapewe hata vijishamba vya mboga kando ya vibanda. Alikubali, na walilima lengalenga mahali penye mawe matupu. Waliolima niliwaona wakishikilia. Walioketi walikuwa wanaisha.

Kisha siku ya kukimbia ikafika hata Kitshanga kwenyewe. Ilikuwa mchana. Kila mtu alishika alichoshika tukaingia njiani. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja amembeba baba yake mgongoni. Mzee yule nilimjua, alikuwa ameketi msimu mzima. Hakuwa mgonjwa, mapaja tu yalikuwa yamekwisha. Nyuma ya kijana alikuja mtoto wake, wa umri wa kuanza kusema, amekamata shati la baba na analia ili abebwe. Kijana alikuwa anageuka kumwangalia mtoto, anaendelea, anageuka tena. Mama wa mtoto alikuwa na mwingine tumboni na mzigo kichwani. Mimi nilimbeba mtoto yule kwa muda, lakini nilikuwa na wangu. Tulipofika kwenye nyumba ya katekista, mzee akasema, "Muniache hapa. Mugongo yako iko ya mutoto." Kijana alikataa, mzee akamwachia mabega mwenyewe, akateleza chini. Tukamwacha. Katekista aliahidi kukaa naye. Sijui mwisho wake, na sikumwona tena kijana yule ili nimuulize.

Hicho ndicho ninachokiogopa. Siogopi kufa, nimeshazeeka. Naogopa siku ambayo mtu atageuka aniangalie, kisha amwangalie mtoto wake.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Ntoto, kule Walikale, ndani ya msitu. Njia ilikuwa matope mpaka magotini, na kituo hakikuwa na kifaa hata kimoja cha kine. Hapakuwa na yale mapao mawili ya kushikilia unapojifunza kutembea, wala mpira, wala kioo. Nilikata mianzi nikatengeneza mapao yangu. Wamama wenye mabega magumu nilikuwa nawapa kinu na mchi watwange majani ya mihogo, kwanza na mchi mwepesi, halafu mzito, na mwisho wa zoezi sombe tulikuwa nayo.

Msimamizi wa kine wa mkoa alikuja kunitembelea mara moja. Alikuwa amesoma sana na amechoka sana, viatu amevibeba mkononi. Yeye ndiye aliyenifundisha neno sarkopeni, kuyeyuka kwa misuli kunakokuja na umri hata kama mtu si mgonjwa. Aliniambia kwamba kila mtu anapungua, mkubwa na mdogo, lakini kitanda na kiti vinaharakisha. Kisha akaniambia jambo nililokuwa silijui. "Mama, unawapa bazee mizigo nyepesi sana. Unawahurumia. Musuli inajibu kama inasikia uzito. Hata ya muzee kabisa, inajibu. Anza pole pole, lakini ifike pahali anasema: hii iko nzito." Nilimuuliza kama ana hakika, maana wazee wa kwetu wakisema kitu ni kizito, tunawapokonya. Akacheka, akaomba mchi, akatwanga mpaka jasho likamtoka. Tangu siku hiyo sikuwahurumia tena, na wengine walinichukia, na walipona.

Nilistaafu nikarudi kwenye kilima chetu, juu ya Mushaki. Mume wangu alikuwa ameshakufa. Mwanangu Bahati anafanya biashara ndogo huko Walikale, anakuja na kwenda. Nyumbani niko na mke wake, Neema, na watoto wao wawili wadogo.

Sasa niwaambie Neema ni nani. Ni mwanamke mzuri, na ndiyo shida yenyewe. Siku niliporudi na sanduku langu, alilipokea, akaniletea kiti, na kwa maneno yake matamu akaninyang'anya kila kitu. "Mama, ulitumika sana. Sasa ukae." Nilishika ufagio, akauchukua. Nilishika bidoni, akaichukua mbio. Mimi niliyewaonya wakwe wa Mushaki nzima, niliketi. Nilipenda. Sitaficha, ilikuwa tamu kuona majirani wananipita na kusema Mama Kine amezaa vizuri. Kisha malaria ikanishika katikati ya mvua, nikalala. Nilipoamka kutoka malaria, kiti kilikuwa kinaningoja, nikarudi kwenye kiti.

Siku moja nilikwenda chooni. Choo chetu ni cha shimo, kama cha kila mtu hapa mlimani. Nilichuchumaa, nikamaliza, nikataka kuinuka, na mapaja hayakunijibu. Nilijaribu tena. Nilishika ukuta wa mianzi ukakatika. Nilikaa pale nikijiuliza nicheke au nilie, mimi Mama Kine, na mwisho nikafanya nilichokuwa nimeapa sitafanya. Niliita, "Neema! Kuja!" Alikuja mbio, akanishika makwapani, akaninyanyua kama gunia. Nilisikia sauti ya Chef masikioni kabisa. Nani alisimama?

Sikulala vizuri baada ya hapo. Kila pikipiki iliyopita kwa kasi nilikuwa namhesabia Neema migongo: ana mmoja tu, na mtoto wake mdogo bado anabebwa, mkubwa bado anachoka njiani. Nilikasirika na kiti, nikakasirika na Neema, nikajikasirikia mwenyewe. Asubuhi nilikunja vitenge vyangu vyote nikavipanga juu ya kigoda, nikakunja mikono kifuani, nikaketi, nikasimama. Watoto walidhani ni mchezo, wakapanga wao pia. Neema alichungulia mlangoni akadhani malaria imerudi kichwani.

Niliondoa kitenge kimoja kimoja. Nilipondaponda maharagwe yangu nikayala mwenyewe, sikugawa. Nilitwanga sombe. Na nilipofika kwenye kigoda kitupu, nilichukua bidoni ndogo ya mafuta iliyooshwa, nikateremka chemchemini kuchota maji. Kupanda nilipumzika mara nyingi, lakini nilifika. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Nikaenda kesho yake, na kesho yake tena, kila mara Neema akiwa shambani.

Sikufikiria midomo ya wamama. Jumapili Neema alitoka kanisani macho mekundu, akaketi jikoni bila kuvua nguo zake za kwaya.

"Mama, unaniua," alisema.

"Nimefanya nini?"

"Bamama bananiseka ku source ya maji. Banasema mi niko nakula, niko nakaa, na mama-mukwe njo anabeba maji. Banasema ulitumikia serikali na sasa unanitumikia mi. Mama ya kwaya aliniuliza mbele ya batu yote: 'Neema, siku gani utamupatia jembe?' Mi nilikukosea nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba midomo ya watu haipandishi mlima, lakini alikuwa analia kweli. Jina zuri ndilo pekee alilokuwa nalo. Mume hayupo, shamba ni dogo, barabara ina wasiwasi. Lakini hakuna aliyewahi kusema Neema anamtesa mama wa mume wake. Na mimi nilikuwa nimeichukua sifa hiyo nikaimwaga njiani pamoja na maji. Niliona huruma, na bado sikuweza kumwambia nitaketi.

Basi nikamsimulia juu ya Kitshanga. Nilikuwa sijawahi kumsimulia. Nilimwambia juu ya kijana, mzee, na mtoto aliyeshika shati. Nilimwambia maneno ya mzee vile vile alivyoyasema.

"Ile siku ikifika hapa," nikamwambia, "utabeba nani?"

"Usiseme vile, Mama."

"Nakuuliza. Mugongo yako iko moja. Utabeba mi ao utabeba mutoto?"

Mtoto mdogo alikuwa amelala mapajani mwake, na mkono wa Neema ulikuwa unampapasa kichwa, unampapasa tu. Baadaye aliinuka, akavua nguo za kwaya, akawasha moto. Siku zilizofuata hakuniambia ndiyo wala hapana. Bidoni yangu ndogo aliiweka juu ya dari, mahali nisipofika, na mimi nikajifanya sioni. Nilibaki na kigoda. Nilizunguka nyumba mpaka nyasi zikafa. Habari za vita barabarani zilikuwa mbaya, kisha nzuri, kisha mbaya. Viatu vyangu niliviweka karibu na mlango.

Juzi asubuhi Neema alimfunga mtoto mgongoni, akashika bidoni zake mbili, akasimama mlangoni. "Mama, twende ku source," alisema. Nilivaa viatu.

Chemchemini wamama walikuwa wengi, ilikuwa saa ya kufua na kuchota. Waliponiona walinyamaza kama watu waliokuwa wakinisema. Nilichagua jiwe niketi, maana nilidhani Neema amenileta ili wanione nimeketi, jina lake lirudi. Alijaza bidoni ya kwanza, akaiweka kando. Akajaza ya pili, ile ya wastani, siyo ile yangu ya kitoto. Akaifunga mkanda wa kubebea, ule unaopita kwenye paji la uso, akauvuta kujaribu fundo.

"Mama, geuka nikubebeshe."

Lazima mjue maana yake. Kwetu mzigo haujipandishi mgongoni, mwenzako anakuinulia. Wanawake wanabebeshana wao kwa wao, mama anambebesha binti yake. Lakini mke wa mtoto kumbebesha mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, na mbele ya watu, hilo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Mtu akimwona mkwe wake amebeba, anampokea mzigo. Hambebeshi.

Mama wa kwaya aliangusha nguo ndani ya maji. "Neema! Bokilo yako, mama-mukwe kabisa, njo unabebesha vile?"

"Njo mi namubebesha," Neema alisema. Hakushusha sauti. "Na kesho tena nitamubebesha. Mwenye kusema aseme."

Niligeuka. Alipandisha bidoni mgongoni mwangu, akanivalisha mkanda kwenye paji la uso, akaurekebisha kwa vidole viwili kama mtu anayemvalisha bibi arusi shela. Nilisikia uzito ukishuka mpaka magotini. Ilikuwa nzito. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nilikuwa nimeinama siwezi kufanya hata kimoja vizuri.

Neema alishika bidoni yake mkononi, akapandisha mtoto vizuri mgongoni, akaanza kupanda kilima. Hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Nikamfuata.